Muulize Fundi: Theluji nzito, trekta dogo

Mwezi huu barua nyingi ni za theluji, na nyingi kati ya hizo zinahusu mashine ileile: ya kurusha theluji, iliyofungwa mbele ya trekta dogo. Nimechagua sita. Tuelewane kwanza maneno, kwa sababu kila mwandishi amezipa sehemu zake majina yake. Pale mbele kabisa, kwenye mdomo wa mashine, kuna chuma kilichojisokota kama parafujo kubwa. Hicho nakiita msokoto. Kazi yake ni kukata theluji na kuivuta katikati. Nyuma ya msokoto kuna feni yenye mapanga mazito, ndiyo inayoitupa theluji juu. Juu ya feni kuna bomba, linageuzwa kushoto na kulia kuamua theluji iangukie wapi. Nguvu inatoka kwenye PTO (shafti ya trekta inayotoa nguvu ya injini kuendesha mashine) ya tumboni mwa trekta, si ile ya nyuma tuliyoizoea kwenye majembe, na inapita kwenye shafti iliyolala chini ya injini hadi mbele. PTO ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika. Ya tumboni, kwenye matrekta mengi madogo, huwa kati ya 2000 na 2500.

*

Shikamoo fundi. Nilinunua nyumba nje ya Lewiston, Maine, na mwenye nyumba akaniuzia pia trekta lake la nguvu za farasi 25 lenye mashine ya theluji mbele. Njia yangu ya kuingilia ina mita 80, kokoto tupu. Januari theluji ilikuwa kama unga, nikairusha mpaka raha. Wiki iliyopita imeanguka theluji ya majimaji, bomba likawa linaziba kila baada ya hatua kumi. Nikapunguza moto nisiichoshe injini, ndiyo ikawa balaa zaidi. Jirani yangu anasema trekta ni dogo, niliuze nichukue kubwa. Je, ni kweli?
Mzaliwa wa Uvira, Maine

Marahaba, mdogo wangu. Usiliuze. Farasi 25 zinakutosha kwa njia ya mita 80. Kilichokuponza ni ule moto ulioupunguza, yaani kasi ya injini.

Mashine hii haisukumi theluji, inaitema. Feni ikienda kasi, donge la theluji linapigwa na kutoka bombani kabla halijapata nafasi ya kushika chuma. Feni ikilegea, donge linafika nusu ya bomba, linakosa nguvu ya kuendelea, linakaa. La pili linakuja linaligonga la kwanza, linajishindilia. Hatua kumi mbele una kizibo kigumu kama saruji. Kwa hiyo ukishawasha PTO (uiwashe injini ikiwa chini, halafu upandishe), peleka akseleta ya mkono mpaka sindano ifike kwenye alama ya PTO pale kwenye dashibodi, na uiache hapohapo mpaka umalize. Injini ya dizeli haichoki kwa kuzungushwa kwenye kasi iliyotengenezewa. Inachoka kwa kulemewa huku iko chini.

Mwendo wa trekta ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo wengi wanachanganya. Mwendo unaupunguza kwa pedali ya mguu, siyo kwa akseleta. Moto juu, mguu mwepesi. Kwenye theluji ya majimaji mimi huenda polepole kuliko mtu anayetembea na mtoto mchanga mgongoni, na mara nyingi situmii upana wote wa mashine. Nakula nusu, nusu nyingine naiacha kwa mzunguko wa pili. Na sikiliza injini. Ikiwa inaunguruma sawasawa, endelea. Ukisikia sauti inazama, ondoa mguu kwenye pedali mara moja, usiguse moto, subiri sauti irudi juu kisha songa tena. Baada ya siku mbili tatu mguu wako utakuwa unafuata sikio bila kufikiri.

Nikueleze kwa nini theluji ile ya Januari ilikudanganya. Njia ya mita 80, upana mita 3 na nusu, theluji ya sentimita 30: hizo ni meta za ujazo 84. Theluji kavu iliyoanguka sasa hivi ina kilo 100 au pungufu kwa meta moja ya ujazo, kwa hiyo ulirusha tani 8 hivi. Theluji ya majimaji ikishajishindilia inafika kilo 300. Kwa macho ni ileile, sentimita 30 zilezile, lakini sasa unarusha tani 25. Ndiyo maana mvua ya theluji ya Machi mimi siisubiri imalize. Ikifika sentimita 10 natoka, narudi ndani nakunywa chai, ikifika 10 nyingine natoka tena.

Kuna kosa moja dogo ambalo hata wazoefu wanalifanya: kutoa mashine kwenye gereji yenye joto na kuanza kazi palepale. Chuma cha vuguvugu kinayeyusha theluji inayokigusa, maji yanaganda, na juu ya barafu hiyo kila kitu kinashika. Itoe nje nusu saa kabla, ipoe mpaka iwe baridi kama hewa. Ikiwa bado kavu, pulizia dawa ya silikoni ndani ya bomba na kwenye mapanga ya feni. Itakusaidia saa moja hivi, siyo siku nzima.

Na kwa kuwa njia yako ni ya kokoto, shusha vile viatu vya pembeni, vyuma vinavyoteleza chini na kubeba mashine, ili wembe wa chini ukae sentimita 2 na nusu juu ya ardhi. Theluji ya kwanza ya msimu usiirushe kabisa, ipite na matairi mpaka ijishindilie. Ikiganda inazishika kokoto zako. Vinginevyo utazirusha kwenye dirisha la jirani.

Sasa la bomba lililoziba, na hapa naomba usome polepole. Usitie mkono. Usitie mkono hata kama injini imezimwa.

Mwaka wangu wa pili huku nilifanya kazi kwenye yadi ya magari, na mwenzangu mmoja alikuwa anasafisha uwanja kwa mashine ya kutembea nayo, ndogo kuliko yako. Bomba likaziba. Akazima injini, akachuchumaa, akatia mkono kuchimba theluji. Feni ilikuwa imekwama, lakini mkanda wake ulikuwa bado umebana, una nguvu ndani yake kama mtego uliotegwa. Kizibo kilipolegea feni ikajizungusha, pengine nusu mzunguko tu. Mimi ndiye niliyeokota glavu. Ilikuwa ya ngozi ya njano, mpya, ina lebo ya bei bado. Vidole viwili havikurudi.

Kwa hiyo: zima PTO, shusha mashine chini iguse ardhi, funga breki, zima injini, funguo mfukoni. Hesabu mpaka uone kila kitu kimesimama. Kisha tumia mti. Mashine nyingi huja na kijiti chake cha plastiki kilichobanwa juu ya mdomo. Kama chako kimepotea, kata mpini wa jembe, urefu wa mkono mzima. Wangu nimeupaka rangi nyekundu nisiusahau thelujini.

*

Fundi, zile bolti ndogo zinazoshika msokoto zimenikatikia mara nne mwezi huu. Nimechoka kuzinunua, nikafunga bolti ngumu ya gredi 8 kutoka duka la vifaa. Tangu siku hiyo haijakatika. Waambie na wasomaji wengine.
Mkongwe wa theluji, Manchester, New Hampshire

Kaka, nitawaambia wasomaji kinyume chake, na wewe nakuomba uitoe bolti hiyo leo hii kabla ya kulala.

Bolti ile imetengenezwa ili ikatike. Ni fyuzi. Msokoto ukikutana na jiwe, au mpira wa maji uliosahaulika nje tangu Septemba, au gazeti la Jumapili lililoganda kama tofali, kitu kimoja lazima kivunjike. Bolti ya kawaida ya mashine hiyo inauzwa bei ya soda. Ukiweka bolti ngumu, kitakachovunjika ni giaboksi au shafti, na hapo utakuja kwangu na bili ambayo sitapenda kukupa. Sote tumekua na jirani aliyeweka waya mnene badala ya fyuzi. Taa ziliwaka, siku moja nyumba ikawaka.

Swali la maana ni kwa nini zimekatika nne. Angalia mambo haya. Bolti zenyewe zilikuwa zimekazwa? Bolti iliyolegea inacheza tunduni, inajitafuna, inakatika hata kwenye theluji laini. Zilikuwa za mashine yenyewe, au za aina yoyote iliyoingia tunduni? Viatu viko juu sana, wembe unagonga ardhi? Na kabla ardhi haijaganda, uliipita njia yote kwa miguu ukiokota mawe, waya na vinyago vya watoto, ukachomeka vijiti vyenye rangi kingoni? Kufikia Desemba vijiti haviingii tena, ardhi ni chuma.

Vuli iliyopita nililetewa mashine ya mzee mmoja ambaye hakuwahi kukata bolti hata moja kwa miaka sita. Alijivunia. Nilichomoa bolti, nikashika msokoto wa upande wa kulia kwa mikono miwili, nikazungusha. Haukutikisika. Wa kushoto vivyo hivyo. Bolti zilikuwa nje, mkononi mwangu, na bado msokoto na shafti vilikuwa kitu kimoja, vimeshikana kwa kutu. Unaona maana yake? Fyuzi ilikuwa imeshakufa zamani. Alipogonga kisiki, nguvu yote ilikwenda moja kwa moja kwenye giaboksi. Nilipoifungua, mafuta yalimwagika yakiwa na vumbi linalong'aa, na meno yalikuwa yamesagika yakabaki mviringo kama meno ya ng'ombe mzee. Ilinichukua siku nzima ya moto na nyundo kuutenganisha msokoto na shafti.

Hivyo kila msimu, kabla theluji haijaanza: chomoa bolti zote za msokoto, zungusha kila upande kwa mkono uone unajitegemea, piga grisi mpaka uione ikitokeza kwenye kingo, zungusha tena ienee, rudisha bolti. Dakika ishirini. Bolti za akiba weka kumi, pamoja na spana mbili zinazoingia, ndani ya kopo lililofungwa kwenye trekta lenyewe. Zinakatika saa kumi na moja alfajiri, si saa za maduka.

*

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi karibu na St. Cloud, Minnesota. Mume wangu anafanya kazi usiku, na asubuhi lazima niwatoe watoto kwenda shule. Trekta lipo na mashine ya theluji ipo mbele, lakini yeye anasema si kazi ya mwanamke na nguo zangu zitanaswa. Naweza kujifunza?
Mama watoto, Minnesota

Waaleikum salaam, dada. Unaweza, na kwa wiki moja utakuwa unaifanya vizuri. Trekta la pedali halihitaji misuli. Linahitaji mtu mtulivu asiye na haraka, na nimeona akina mama wengi wakiwa hivyo kuliko waume zao.

Kwenye nguo mume wako ana hoja, ingawa hoja hiyo inamhusu hata yeye na skafu yake. Shafti ya PTO haina huruma. Ikishika ncha ya kitambaa inaizungusha mara kadhaa kabla hujapiga kelele. Vaa ovaroli ya baridi juu ya kila kitu, mtandio uuingize wote ndani na uzibe kwa zipu mpaka kidevuni. Hijabu ya kuvaa moja kwa moja, isiyo na ncha wala pini, ni nzuri zaidi. Kanga na baibui zibaki ndani ya nyumba, hata kama unatoka kwa dakika mbili tu kusogeza trekta. Dakika mbili ndizo zinazoumiza watu.

Uzuri wa mashine ya mbele ni kwamba kazi unaiona machoni pako. Wanaotumia ya nyuma wanakaa saa nzima shingo imegeuka. Ubaya wake ni unga wa theluji unaorudi usoni upepo ukigeuka, kama trekta lako halina kibanda. Kabla ya kuanza angalia moshi wa nyumba za jirani unaelekea wapi, na elekeza bomba huko. Ikiwa upepo unakuja kutoka pembeni, anzia upande unaotoka upepo.

Siku ya kwanza, jifunze bila theluji. Kaa kwenye kiti, washa PTO, kisha inuka kidogo, usishuke. Injini au PTO ijizime yenyewe. Kuna swichi chini ya kiti inayofanya hivyo. Isipozima, usifanye kazi mpaka irekebishwe, na umwulize mume wako kama kuna mtu aliyeifunga waya. Wapo wanaofanya hivyo ili wasisumbuliwe.

Na watoto: wawe ndani, mlangoni wakukungojee, siyo uwanjani wakicheza kwenye theluji inayoanguka kutoka bombani. Najua wanaipenda. Lakini bomba hilohilo linatupa jiwe mbali kama theluji, na mtoto aliyejichimbia kwenye rundo haonekani kutoka kwenye kiti. Hesabu vichwa kabla ya kugeuza ufunguo. Trekta usilipashe moto ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake unaua kimya.

*

Fundi, baridi ilishuka nyuzi 25 chini ya sifuri na trekta likazima katikati ya kazi. Mzee wa hapa jirani akasema nichanganye mafuta ya taa kwenye dizeli. Mimi nimetoka Nakuru, kwetu hiyo ni kesi. Ni sawa kweli?
Mkulima, Vermont

Nilivyosoma barua yako niliikumbuka vizuri ile harufu. Kwetu Tanzania mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo, watu walikuwa wanachakachua dizeli. Na kwenu Kenya mwaka 2018 ikaja tozo ya shilingi 18 kwa lita. Pale kosa ni kumuuzia mtu kitu sicho na kukwepa kodi. Hapa mzee jirani yako anazungumzia jambo la baridi, na ana msingi.

Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake. Baridi ikipita nyuzi kumi hasi hivi, nta inaanza kuganda, mafuta yanakuwa na ukungu, chujio linaziba, injini inakufa kwa kiu wakati tangi limejaa. Mafuta ya taa yana nta kidogo sana, kwa hiyo ukichanganya yanashusha kiwango cha kuganda. Wazee wa kaskazini wamefanya hivyo miaka mingi. Lakini mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi pampu kama dizeli, na kwa injini za kisasa zenye chujio la moshi ni lazima yawe yale yenye salfa ndogo sana. Kabla ya kuchanganya chochote, soma kitabu cha trekta lako.

Ushauri wangu ni rahisi zaidi. Kuanzia Novemba nunua dizeli ya baridi kwenye kituo chenye wateja wengi, kwa sababu wanaibadilisha mapema. Ile iliyobaki kwenye madumu tangu kiangazi usiitie. Weka dawa ya kuzuia kuganda kabla baridi haijafika, kwani ikishaganda dawa ya kawaida haisaidii tena. Dizeli yenye rangi nyekundu inaruhusiwa kwa trekta la shambani kwako, haina kodi ya barabara, lakini rangi hiyo haikuambii kama ni ya baridi; uliza. Na funga hita ya bloku, ile ya umeme ya kupasha injini, ichomeke saa mbili au tatu kabla ya kuwasha.

Likishaganda, lisukume ndani palipo na joto, badilisha chujio, subiri. Usipulize ile dawa ya kuwashia ya kopo kwenye injini yenye plagi za kupasha moto. Inaweza kulipuka humo ndani ikavunja pistoni.

*

Mashine ikiwa juu, matairi ya nyuma yanateleza hata kwenye mteremko mdogo. Nibadilishe matairi?
Msomaji, Portland, Maine

Ongeza uzito kwanza. Umening'iniza kilo 250 au zaidi mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo umeinua mgongo wa trekta kama mizani. Funga sanduku la zege au vyuma kwenye mikono ya nyuma, kilo 200 mpaka 300 kulingana na kitabu, na minyororo kwenye matairi ya nyuma. Hapo utaona tofauti siku hiyohiyo. Wengine wanajaza maji kwenye matairi. Kwa baridi hii yawe maji yasiyoganda.

Nikiwa bado kwako Portland: barua nyingine mbili zimeuliza kama ni ruhusa kurusha theluji ng'ambo ya barabara, kwa kuwa greda la mji nalo linawazibia mlango. Hapana. Sheria ya Maine inakataza kuweka theluji ya uwanja wako kwenye barabara ya umma na kuiacha hapo. Lile tuta la greda ni lako, ulile polepole kutoka pembeni, kipande kwa kipande, kabla halijaganda usiku, na bomba liangalie uwanjani kwako. Usilivamie kwa kasi. Humo ndimo mna vipande vya lami na barafu ngumu kama jiwe.

*

Mheshimiwa fundi, mwanangu yuko Marekani, amenitumia picha amekaa kwenye trekta, mbele kuna kitu chenye meno. Anasema analipwa kutupa theluji. Sisi huku Makete jalidi tunaijua, mwezi wa saba inatuunguzia viazi, lakini kutupwa kwa mashine sijawahi kusikia. Ni kazi ya kweli? Ina hatari gani?
Mzazi, Makete, Njombe

Shikamoo mzee wangu. Ni kazi ya kweli kabisa na ya heshima. Huku theluji ya usiku mmoja inaweza kufika magotini, na isipoondolewa gari la wagonjwa halipiti. Mtu wa kwanza kutengeneza mashine ya namna hiyo na ikafanya kazi barabarani alikuwa Arthur Sicard wa Québec, Kanada, mtoto wa familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Aliikamilisha mwaka 1925, na mwaka 1927 mji wa Outremont ukanunua moja. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye mashine ya kupura nafaka. Mzee, ukiitazama ile picha vizuri utaona ukoo huo: ni kama mashine ya mavuno, ila mavuno yenyewe yanatupwa.

Mimi nilianza na matrekta kwenye mashamba ya miwa bonde la Kilombero, nikiwa na umri ambao pengine mwanao anao sasa. Kitu kilichonishangaza huku hakikuwa baridi. Ni kwamba kijana anapewa mashine asubuhi ya kwanza na kuambiwa aende. Hakuna anayemkalisha pembeni msimu mzima kama sisi tulivyokalishwa na madereva wazee, tukishika spana na kufuta grisi kabla ya kugusa usukani. Kwa hiyo mkipiga simu, mwulize mambo mawili matatu, hata kama utayasoma kwenye karatasi. Mwulize bomba likiziba anafanya nini. Akikujibu kwamba anazima injini, mwulize anatumia nini kuchokonoa. Mwulize anafanya kazi na nani usiku, na kama yuko peke yake, nani anajua saa yake ya kurudi. Mwulize glavu zake ni za aina gani na kama ana za pili kavu, maana glavu iliyolowa saa tisa za usiku inamfanya mtu akimbilie kumaliza.

Na mwambie kwamba akiwa karibu na Lewiston, aje karakanani Jumamosi asubuhi. Ninazo mashine mbili zimefunguliwa mezani mwezi huu, na mikono ya kushika tochi haitoshi.